Hodi Kabla ya Kukata: Bwana Muzammil Stambuli Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Muzammil Stambuli anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi hapa Miale ya Pwani. Ameomba shughuli ianze baada ya swala, hotuba ziwe fupi na biriani iwe nyingi. La biriani tumelitimiza. La hotuba atuwie radhi, maana ofisi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, na wanaonijua wanajua kwamba Everlyne Kadzo akianza kusema hana breki.

Nimekaa naye chumba kimoja miaka tisa, katika kitengo cha kufuatilia matumizi. Kazi yetu ni kukodolea macho skrini zinazotuonyesha kila nyumba tuliyoiwekea sola, kuanzia Adu mpaka Rabai: paneli imevuna kiasi gani, betri imebakisha nini, wenye nyumba wametumia vipi. Kiti chake kina warithi tele, na wengine wameshaanza kukipima kwa macho. Kilichotukosesha raha mwaka huu ni swali jingine: akiondoka yeye, nani atapiga hodi? Mtanielewa.

Bwana Muzammil ni mzaliwa wa Mambrui. Alipojiunga nasi duka la Malindi lilikuwa chumba kimoja, na umeme wa jua ulikuwa kichekesho. Watu walimwuliza kama usiku atawaletea jua la akiba. Alikuwa fundi, dereva, muuzaji na mchukuzi wa betri, yote kwa pamoja. Nyumba nyingi za wateja wetu ziliezekwa makuti, na makuti hayabebi paneli, kwa hiyo akawa anaisimamisha uani juu ya nguzo za mkilifi, mti usioliwa na mchwa. Kule Kibarani kuna nyumba zilizokwisha kubomolewa na kujengwa upya, na nguzo zake bado zimesimama.

Subira alijaliwa, jamani. Mzee mmoja huko kwao Mambrui alishikilia kwamba paneli yake ielekee barabarani, wapitao waione. Mimi ningebishana naye mpaka alasiri. Bwana Muzammil aliielekeza inakotakiwa kuelekea, kisha akamweleza mzee kwamba kwa upande huo hata wanaotoka msikitini wataiona vizuri. Mzee akaagiza chai.

Magoti yalipoanza kugombana na ngazi, akahamishiwa kwetu kwenye skrini. Aliingia akiwa na shaka nazo. Alisema kioo kinaona umeme lakini hakioni watu, na haukupita muda akatuthibitishia. Nyumba moja ya Adu, kwa Mapenzi na mumewe Garama, paneli yake ilikuwa ikilala kila asubuhi jua likiwa kali. Sisi tukasema imekufa, ibadilishwe. Yeye akapanda gari. Alimkuta Mapenzi ametandaza mihogo juu ya paneli, anakausha makopa. Na kwa nini asitandaze? Kile kioo kinapata moto kuliko ardhi, kimeinama kidogo tu, na kuku na mbuzi hawakifikii. Bwana Muzammil alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akakata miti akamjengea Mapenzi uchaga wa kuanikia pale pale kando. Tulikula makopa hapa ofisini mwezi mzima.

Hata hivyo kanuni ni kanuni. Mapenzi aliandikiwa onyo la kutumia vibaya vifaa. Na kanuni ya kampuni yasema nyumba ikikosea mara ya pili, sisi hapa ofisini tunaikatia stima kwa kubonyeza tu, kisha mafundi wanakwenda kufungua sola yote apewe mwingine anayengoja. Meneja wetu, Bwana Katana Menza, simlaumu kwa kuishikilia. Kuna watu walikuwa wakiunganisha sola ya nyumbani na kinyozi au chumba cha kuonyesha mpira, na betri zikifa lawama zinarudi kwetu.

Lakini Bwana Muzammil naye alikuwa na kanuni yake, ambayo haikuandikwa popote: nyumba haikatwi kabla haijapigiwa hodi. Simu kwake haikutosha. Alitaka mtu afike, asimame uani, aitikiwe karibu, aone kwa macho yake. Wengine tulimtania kwamba anatafuta nazi za bure, na kusema kweli hakurudi mikono mitupu. Ila ukaidi wake ulikuwa ukaidi hasa.

Mwaka jana kanuni hizo mbili ziligongana, na zikagongana kwa Mapenzi. Ghafla matumizi ya nyumba ile yalipanda mara nne. Taa haizimwi usiku kucha, simu zinachajiwa mfululizo, betri inakaribia kukauka. Bwana Katana aliangalia skrini, akaangalia lile onyo la makopa, akasema nikate. Bwana Muzammil akasema hapana, kwanza hodi. Walivutana pale mbele yangu, kila mmoja kwa heshima zake, mpaka meneja akampa siku moja tu. Tukaondoka wawili na gari la kampuni kwenda Adu.

Tulisikia vilio kabla hatujafika. Garama alikuwa amefariki. Kwetu Wagiriama hanga haliendi gizani: marehemu yumo ndani, uani watu wamelala kwenye mikeka, taa inakesha nao, na kila aliyekuja kutoka mbali anaomba achaji simu ili awaarifu wengine. Utamnyima nani? Mimi ni Mgiriama, nimekesha mahanga tangu utotoni, na mbele ya skrini sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Lilinichoma.

Mapenzi aliliona gari la kampuni, akajua tumefuata nini. Hakulia wala hakujitetea. Alikuja akasimama mbele ya Bwana Muzammil, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo baba. Ngojani tumzike kwanza, kisha mtaichukua."

Bwana Muzammil alivua kofia, akaishika mkononi. "Marahaba, mwanangu," alimjibu. "Hatukuja kuchukua. Tumekuja kuzika."

Akaketi mkekani na wanaume, akatoa pole zake. Alipoinuka alikwenda garini, akashusha betri ya akiba, akaiunganisha na ile iliyochoka, na taa ikakesha mpaka Garama alipozikwa. Mapenzi ana sola yake hadi leo. Niliporudi nilimsimulia Bwana Katana yote. Alifuta lile onyo, akauliza mazishi ni lini. Siku ya kuzika alikuwepo.

Sasa nirudi kwenye swali letu. Mapema mwaka huu tuliarifiwa kwamba programu mpya inakuja, nayo itakata yenyewe. Nyumba ikizidisha, inazimwa. Hakuna mtu, hakuna gari, hakuna karibu. Ingeanza kazi Julai, siku chache baada ya Bwana Muzammil kukabidhi funguo. Alikuja kazini kama kawaida, lakini nilimwona akiitazama ile nukta inayoonyesha nyumba ya Mapenzi kwenye skrini kila asubuhi kabla hajanywa chai, na mimi roho iliniuma.

Bwana Muzammil, hili hatukukwambia, tulitaka ulisikie leo. Bwana Katana amekwenda makao makuu mara mbili na hakurudi mpaka amekubaliwa. Programu inaanza Julai kama ilivyopangwa, lakini hapa kwetu haitakata peke yake. Ikifika mahali pa kukata itasimama, na kwenye skrini litatokea swali moja, kwa Kiswahili: *Umepiga hodi?* Chini yake sharti mtu aliyefika aandike jina lake na jina la aliyemkaribisha. Bila majina hayo mawili, taa ya watu haizimwi. Ulizoea kwenda wewe. Sasa tutakwenda sote.

Ahsante, mwalimu wetu. Mungu akupe afya, magoti mapya kama yapo, na uzee mtamu nyumbani Mambrui pamoja na Bi. Kaltuma na wajukuu. Nyumba yako nayo imo kwenye skrini yetu, usisahau. Matumizi yakipanda tutajua una wageni, na yakishuka tutakuwa njiani. Ukisikia hodi, usiinuke kwa wasiwasi. Hatukuja kuchukua kitu.