Mbeleko Iliyokwama Njiani

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na jua. Mama mwenyekiti ameniambia nisimame kabla sanduku la akiba ya kikundi chetu halijafunguliwa, nami nimesimama.

Mnajua binti yangu yuko Ujerumani, anahudumia wazee. Najua mnajua, nimewachosha masikio. Cheka tu, shoga yangu, hata mimi ningecheka. Alipopata mimba huko, nilimpelekea mbeleko kwa mkono wa mgeni wa kanisani. Si mbeleko ya dukani. Ni kile kitenge changu nilichombebea yeye mwenyewe nikipalilia alizeti, kisha nikawabebea wadogo zake, mpaka maua yake yakafutika. Kwetu nyumbani mbeleko ni hiyo moja. Anayejifungua anapewa, mtoto akishatembea inarudi kumsubiri mwingine.

Basi mjukuu akazaliwa kule, akakaa, akasimama, akatembea. Nimemwona kwenye simu akicheka tangu ana meno mawili. Ndugu zangu, nawaambia, simu inakuonyesha mtoto lakini haikupi uzito wake. Mimi nilitaka uzito. Nilikuwa nikimaliza kuongea nao nabaki nimeshika simu kifuani kama mjinga, imeshazimika.

Mke wa mwanangu hapa Mungaa naye akapata mimba. Binti akanipigia, akasema, "Mama, mbeleko naituma. Mwanangu ameshashuka mgongoni." Nililia kwa furaha. Nikasema, kama siwezi kumshika mtoto, nitashika kilichomshika.

Siku zikapita. Nikiwa napepeta alizeti uani, simu ikaita. Msichana wa kampuni ya kusafirisha mizigo, sauti ya adabu kabisa. "Shikamoo mama. Mzigo wako kutoka nje umefika Dar es Salaam. Umeandikwa zawadi, ila thamani yake haikuandikwa. Una thamani gani?"

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nyie mnajua tunavyotuma vitu kwa basi. Ukimwambia konda kwamba ndani ni matambara, mzigo wako utakaliwa na gunia la viazi. Ukimwambia ni vitu vya maana, anauweka karibu na dereva. Hivyo ndivyo tulivyozoea. Nami nikajinyoosha, nikasema, "Mwanangu, humo kuna vitu vya thamani kubwa sana. Andika bei ya ng'ombe mwenye mimba." Akauliza, "Una hakika, mama?" Nikamwambia, "Tena ng'ombe wa maziwa."

Na hata kama nisingehofia mzigo kukaliwa na viazi, ningewezaje kumwambia mgeni kwamba mwanangu wa Ulaya amenitumia kitambaa kilichochakaa?

Ujumbe ukaja. Kijana wa jirani akanisomea. Ushuru wa serikali, umekadiriwa kwa bei ya yule ng'ombe. Chini yake, gharama ya kampuni kwa kazi ya kukusanya ushuru huo. Nikamwambia, "Rudia hapo." Akarudia. Nikasema, "Yaani nalipa, halafu nalipia kulipa?" Akasema, "Ndivyo ilivyo, bibi." Na nisipolipa, mzigo unarudishwa ulikotoka.

Sikuwa nacho. Alizeti bado haijauzwa, kuku walikuwa wamefagiwa na ugonjwa wa kideri. Na kumwambia binti? Hapana. Mtoto amekutumia zawadi, wewe unamrudishia bili? Nikanyamaza. Yeye naye hakuuliza kama mzigo umefika, maana kwetu anayetoa haulizi. Kuuliza ni kudai shukrani. Basi tukawa tunaongea habari za mvua. Simu zikawa fupi. Siku moja hakumleta mtoto kwenye simu kabisa, akasema amelala, nami nikamsikia mtoto nyuma akiimba.

Ndugu zangu, hilo liliniumiza. Nilikuwa nikiingia ndani nafungua kasha nilimokuwa naiweka mbeleko zamani, naangalia pale mahali pake. Hakuna kitu pale, lakini naangalia.

Mtakumbuka mkutano ule nilioketi pale mlangoni nikakataa hata uji. Dada mmoja, yuko humu, simtaji, aliniuliza, "Nani amefariki?" Nikasema hakuna. "Nani anaumwa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi sema kilichokuweka hivyo, au tutakaa hapa mpaka ng'ombe warudi." Nikasema yote. Nilidhani mtacheka. Mlicheka, tena sana, nilipofika kwa ng'ombe wa maziwa. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Mfuko wetu wa jamii ni wa ugonjwa na msiba. Huyu anaumwa hamu. Mnataka alale kitandani ndipo mwamini?" Mikono ikanyooka.

Wawili wenu mkapanda basi nami mpaka Singida mjini, kwenye ofisi ya wakala wao. Nikamwambia kijana wa pale ukweli: ni kitambaa kimoja, kikuukuu, changu mwenyewe, kinarudi nyumbani. Akanitazama. Akasema, "Mama, bei hii umetaja wewe. Inaweza kukaguliwa upya, lakini aliyetuma lazima athibitishe kwa maandishi." Kwa hiyo, nikitaka ushuru wa ng'ombe uondoke, ilikuwa lazima nimpigie binti.

Nilitoka nje, kwenye upepo ule wa Singida, nikapiga. Nikasema, "Mwanangu, mbeleko sijaipata." Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe analia. Akasema, "Mama, nilidhani imefika, ukaiona ilivyochanika pembeni, ukakasirika kwamba sikuitunza. Nikasema mama hataki hata kunitajia." Nikamwambia, "Mimi nilidhani umechoka na mimi." Tukalia wote wawili, na hawa wenzangu wawili wakanizunguka watu wasinione.

Akaandika siku ileile. Ushuru wa yule ng'ombe ukaondolewa. Gharama ya kampuni haikuondolewa hata senti moja, wanasema kazi walishaifanya. Nawaambia kweli, sikuipenda, na mpaka leo siipendi. Lakini niliilipa kwa mfuko wenu, na mfuko nimeshaurudishia tulipouza alizeti.

Ninawashukuru. Wewe uliyeniuliza nani amefariki, Mungu akuzidishie ukali huohuo. Nyie wawili wa kwenye basi, na wewe mama uliyeujua ugonjwa wangu, nina deni ambalo sanduku hili halina nafasi yake. Na neno langu kwenu ni hili: mkiulizwa thamani ya mzigo, tajeni bei ya sokoni, ile ya moyoni kaeni nayo wenyewe. Na mtoto wako aliye mbali usimfiche shida ya zawadi yake. Kimya chako atakitafsiri kwa hofu yake.

Mbeleko ilifika. Niliifungua peke yangu chumbani. Binti alikuwa ameweka kikaratasi kimoja tu: "Mama, sijaifua makusudi." Nikaiweka usoni. Maziwa, mafuta ya mtoto, na jasho la kichwa kidogo ambacho sijawahi kukishika. Ndugu zangu, nilikaa nayo mpaka mkwe akaja kunigongea.

Juzi mkwe amejifungua salama, mtoto wa kike, mmesikia. Keshokutwa mtoto anatolewa nje mara ya kwanza, na mbeleko lazima ifuliwe ndipo abebwe. Ndoo ya maji iko tayari uani. Kila asubuhi nasema leo naifua, nikiinusa naiacha.

Leo nimekuja nayo. Ndiyo hii niliyojifunga kiunoni.