Jina la Ugonjwa wa Mzee Alfani

Baraza ninaposhonea hapa Newala lina benchi moja la mninga, na benchi hilo limenichosha kuliko cherehani. Watu watatu wamelikalia tangu vita viishe. Yupo Gervas, tunayemwita Keya, jina la jeshi la Waingereza, kwa sababu alipigana nalo Bama na maneno yake bado yanapigana huko. Yupo Selestini, jina la kijiweni Mwalimu Nusu, aliyesomea ualimu akafika katikati akaoa. Yupo na Haji, muuza kahawa, zamani msaidizi wa ngariba jandoni, ambaye vikombe vyake ni vidogo maana maji tunayapandisha kutoka bondeni Kitangari. Asubuhi ile aliongezeka Mzee Alfani wa Chilangala, ameketi ukingoni, miguu kaitanua ndani ya kanzu. Alfani ana busha. Sote tulijua, mimi zaidi, maana nilimpanulia kaptula mara mbili kabla hajahamia kwenye kanzu. Daktari Mzungu, anayetujia kila baada ya wiki tatu, alikuwa dispensari, anachagua wagonjwa wa kwenda kupasuliwa Masasi. Gari lake lingeondoka saa sita, na mvua zikianza halipandi tena mpaka Mei. Kazi ilikuwa kumwambia daktari tu. Lakini daktari hajui Kiswahili, na mkalimani wake ni nesi Getrude, mke wa mwanawe Alfani.

— Nimekwenda mara tatu, alisema Alfani. Ya kwanza nikasema tumbo. Nikapewa dawa ya minyoo.

— Ikasaidia? akauliza Keya.

— Minyoo ilitoka.

— Ya pili?

— Nikasema kiuno. Nikapewa mafuta ya kuchua.

— Ukachua wapi?

— Kiuno. Chupa kanikabidhi mkwe wangu kwa mikono miwili, ningechua wapi tena?

Haji akammiminia kahawa. Alfani akamgeukia Keya.

— Ya tatu ndiyo uliyonishauri wewe.

— Mimi nilisema kweli tupu, alisema Keya. Daktari wa jeshi hakuwa na haja ya jina. Alikushika pale pale, akakwambia kohoa. Ukikohoa, keshajua.

— Nilikohoa.

— Enhe?

— Nikapewa dawa ya kifua. Tamu, lakini.

Hapakuwa na aliyecheka. Tulikuwa tumeshaicheka wiki tatu.

— Tatizo ni jina, alisema Mwalimu Nusu. Kila kiungo kina jina lake la kitabuni. Mimi kitabu cha afya ninacho, kina picha ya mtu mzima, imeandikwa pembeni: pafu, ini, figo, kitovu, goti.

— Na kati ya kitovu na goti? akauliza Keya.

— Pale wameweka maelezo ya kunawa mikono.

— Majina yapo jandoni, alisema Haji. Sisi Wamakonde tunayo saba, na kila moja na kazi yake. Ila tumeapa. Mwanamke hasikii hata moja.

— Sisi Wamakua tunayo tisa, alisema Nusu. Na hayo yenu saba kwetu ni matusi.

— Yenu ndiyo matusi.

— Mseme moja basi, tulipime, nikasema mimi, maana sindano ilikuwa imekatika na sikuwa na la kufanya.

Wakatazama barabarani. Paulina wa maandazi alikuwa anapita, na ungo kichwani. Wakasubiri apite, kisha wakasubiri tena, na majina yote kumi na sita yakabaki vifuani mwao.

— Korodani, alisema Nusu polepole. Sema korodani, mzee. Jina safi, la waliosoma. Halimchafui mtu.

— Getrude kasoma, alisema Alfani. Atalielewa.

— Si ndilo tunalotaka, alielewe?

— Hapana. Nataka daktari alielewe, yeye asilielewe.

Hapo sote tulimwelewa.

— Mficha uchi hazai, alisema Keya.

— Huyu kazaa saba, alisema Haji. Methali haimhusu.

— Basi asubiri Mei. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kilijaa mwaka juzi, alisema Alfani.

Jua lilikuwa linapanda. Keya akapendekeza mzee akalale mbele ya magurudumu ya gari, daktari mwenyewe atashuka kumkagua. Nusu akasema aandike barua kwa Kilatini, lugha isiyo na aibu, lakini Kilatini chake chote kilikuwa cha misa ya wafu. Haji ndiye aliyewapita wote.

— Fundi yupo hapa. Amshonee mfano kwa kaniki, aujaze pamba. Mzee auweke mezani, anyamaze.

— Kwa kipimo gani? nikauliza.

— Kipimo unacho, alisema Alfani. Hakucheka. Akasema korosho zinaanguka Chilangala na hawezi kuinama kuziokota, anatambaa, na usiku analala chali kama mjamzito. Akasema mvua zikimkuta hivi, shamba si lake tena. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Ndipo Getrude akaja kutoka dispensari, gauni jeupe, kanga begani. Alisimama nyuma ya nguzo, akatugeuzia mgongo, kama inavyompasa mkwe.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Daktari anafunga sanduku. Nimemwambia mimi sifai kumkalimania baba huyu, amekubali nitoke nje. Anahitaji mwanamume mmoja tu mwenye Kiingereza kidogo, maneno matatu yanatosha. Nani atakwenda naye?

Nilimtazama Keya. Miaka minane ametuhesabia kwa Kiingereza mizinga ya Bama. Keya akatazama kandambili zake za mpira wa gari. Nusu akafuta miwani. Haji akainua birika, akalitikisa, halina kitu, akaendelea kulitikisa. Anayekwenda kumsemea mtu ugonjwa ule, mji mzima utasema ni wake. Mimi nina Kiingereza cha vipimo, futi na inchi, na kingetosha kabisa. Nikainama kutafuta sindano.

Getrude alisubiri. Hakugeuka hata mara moja.

— Mwambie daktari asante, alisema Alfani mwishowe. Mwambie mzee amepona.

Getrude akaondoka taratibu, kanga ameiinua usoni. Nasi, Mungu atusamehe, tulishusha pumzi.