Nyuki wa Injinia Hillary

Ukitaka kujua bei ya ndengu, au nani amefiwa Ronge, au kwa nini mvua imeiruka Voi ikaenda kunyesha Mwatate, usihangaike kununua gazeti. Nenda nyuma ya soko, kwenye ukuta wa duka la mbolea, ukae kwenye benchi la Mumbe. Benchi lenyewe lina miguu mitatu, wa nne ni jiwe, na anayekaa upande wa jiwe sharti ainuke kwa adabu, la sivyo wenzake wote wanaenda chini. Mumbe hutua na birika lake alasiri, jua likianza kupungua ukali, na kahawa haijachemka vizuri utawaona wenye benchi wameshajaa. Yupo Musyimi, waliyemwita Spana kwa kuwa aliamini kila kitu duniani kikilegea hukazwa. Yupo Sylus, waliyemwita Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Na yupo Mzee Mwandawiro, Karani, aliyestaafu kazi ya ofisi akateremka kutoka Chawia kuja kulima bondeni.

Huyu Karani alikuwa na kituko kimoja. Alikunywa kahawa ya Mumbe kila siku ya Mungu, akaisifu, akaongezewa, bila kumsemesha Mumbe mwenyewe hata neno.

— Spana, mwambie mwenye birika aniongeze, alisema siku hiyo kama kawaida.

Mumbe, aliyekuwa karibu kiasi cha kumfuta mzee vumbi begani, alijibu bila kuinua macho.

— Spana, mwambie mzee asogeze kikombe.

Spana aliwapelekea maneno hayo huku na huku kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea. Benchi lote lilizoea. Mashamba yao wawili yalipakana kule chini karibu na mbuga, na ugomvi wao ulikuwa umekaa muda mrefu hata ukawa sehemu ya fanicha.

Lakini siku hiyo Mumbe alikuwa na shida, na shida yenyewe ilihitaji mdomo wa Karani. Ndengu zake zilikuwa zimeanza kukauka kwenye maganda, bado siku chache tu zivunwe, na usiku uliotangulia ndovu walikuwa wameingia kwa jirani yao Munyao wakamaliza shamba kama waliotumwa. Msimu uliopita walikuwa wamekuja kwa Mumbe. Walikula hadi mashina, na asubuhi alisimama katikati ya lile shamba tupu akalia kama mtu aliyefiwa. Aliapa hatalia hivyo tena. Ndiyo maana alikuwa amemwendea Hillary, fundi wa simu pale mtaani, waliyemwita Injinia kwa utani mpaka jina likamkaa, akamwomba amtengenezee kitu.

Kitu chenyewe Hillary alikuja nacho jioni hiyo ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuwekea chakula. Alikifungua juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Ndani kulikuwa na bodi ya kijani, kubwa kiasi cha kitambulisho, betri, kamera ndogo ya kuona hata gizani, na waya uliokwenda kwenye spika kubwa iliyowahi kufanya kazi kwenye mikutano ya injili.

— Hii ndio kompyuta, alisema Hillary. Yote iko hapa.

— Hapa wapi? aliuliza Spana. Kompyuta mimi naijua, iko na televisheni mbele.

Hillary alieleza kwamba hiyo televisheni haihitajiki, maana ndovu hasomi. Kamera inatazama, bodi inafikiri, ikiona ndovu inaamrisha spika ilie sauti ya nyuki, na ndovu kwa uoga wake wa nyuki anageuka. Nyuki wenyewe alikuwa amewarekodi kwenye mizinga ya shangazi yake Sagalla. Akasema hata kile kiwanda cha mkonge kilikuwa na ndugu yake bodi hii, kinaendesha pampu usiku na mchana. Ila ile ya kiwandani haina matundu ya kuchomeka waya, inapachikwa tu juu ya bodi nyingine kubwa kama jino kwenye ufizi.

Benchi liliinama juu ya kisanduku, kwa heshima. Halafu, kwa kuwa ni benchi, likaanza kazi.

Spana alisema wasiwasi wake ni ukubwa. Ndovu ni tani kadhaa, kompyuta ni kama kipande cha mkate. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo naye alionelea wampe Injinia siku mbili aongezee kompyuta mwili. Mumbe alimwambia methali hiyo haihusiani, na Spana akajibu kwamba methali ni kama spana, ikiingia imeingia.

Redio aliona tatizo kwingine kabisa. Nyuki wa Sagalla, alisema, wanalia Kisagalla. Ndovu wanaomsumbua Mumbe wanatoka ng'ambo ya reli, upande wa Ukambani. Wakisikia nyuki wanaongea lugha wasiyoijua si watadhani ni wageni wa harusi? Hillary alisema nyuki ni nyuki. Redio alimtazama kwa huruma, akaendelea.

— Na hiyo si mbaya sana, Injinia. Mbaya ni hii. Ndovu wengine wamevalishwa kola shingoni, sivyo? Ndani ya kola kuna nini? Kakompyuta. Sasa ndovu akija na kompyuta yake, na hapa kuna kompyuta yako, hao ni ndugu. Watasalimiana. Yako itaiambia ile ingine, kujeni tu, hakuna nyuki hapa, ni spika ya kanisa.

Spana alishusha bega na kukiri kwamba hapo Redio amegusa.

Mumbe alikuwa akimimina kahawa huku anacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwa Karani. Maana kisanduku hicho hakikuwa na faida yoyote bila pahali pa kukaa. Ndovu walikuwa wanapitia kwa Karani, chini ya mnara wa tangi lake la maji, na Hillary alikuwa amekwenda akatazama akasema ni pale tu, juu ya ule mnara, ndipo kamera ingewaona mapema. Kikifungwa upande wa Mumbe, nyuki wangelia ndovu wakiwa tayari wanatafuna. Kwa hiyo alijikaza.

— Spana, mwambie mzee naomba mnara wake. Kwa msimu huu tu.

Spana akageuka, lakini Karani hakungoja aletewe. Aliweka kikombe chini.

— Spana, mwambie mwenye birika mnara wangu ni wa maji. Haukujengewa kompyuta.

Mumbe aliinama akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaliona tena lile shamba tupu la msimu uliopita. Hillary naye, ili kuficha aibu ya wote, akachomeka betri aonyeshe jinsi taa ndogo ya kijani inavyowaka. Ikawaka. Kamera ikatazama barabara.

Sasa Voi ni mji wa mbugani, na magari ya watalii huingia humo kutafuta mafuta na chai. Wakati huohuo gari moja la watalii liliegeshwa mbele ya duka la mbolea, na ubavuni mwake fundi wa rangi alikuwa amechora dume la ndovu, masikio wazi, pembe mpaka kwenye taa. Kompyuta ikafikiri. Haikuchukua muda.

Spika ya injili ikafunguka. Nyuki wote wa shangazi yake Hillary walitoka mle kwa hasira moja, sauti nene inayotetemesha mbavu, na mtu yeyote aliyekulia karibu na Sagalla mwili wake unaijua sauti hiyo kabla ya akili. Spana alirukia mtaroni. Redio alizima na kuingia dukani, akajificha nyuma ya magunia ya mbolea. Kwa kuwa walitoka upande wa jiwe bila adabu yoyote, benchi lilipinduka, na Hillary akabaki chini amekumbatia kisanduku akipapasa waya. Mumbe peke yake hakukimbia. Alikuwa ameshika birika la moto kwa mikono miwili, na hakujua aliweke wapi.

— Mumbe, toka hapo. Acha birika, mama, toka, watakuua.

Alikuwa Karani. Alikuwa amevua koti lake la ustaafu, akamfunika Mumbe kichwa na mabega, na akamburuta hadi nyuma ya gari, birika na yote, huku yeye mwenyewe akiwa hana kinga yoyote.

Nyuki wakanyamaza. Hillary alikuwa ameupata waya.

Dereva wa lile gari, mwanamke mmoja aitwaye Elsie aliyekuwa ameshuka kutafuta kahawa, alisimama na mlango wazi asijue ameingia mji gani. Mumbe alichungulia kutoka chini ya koti.

— Mzee, umenisemesha, alisema.

Karani alifikiri juu ya jambo hilo. Alitazama hewani akitafuta nyuki wa kumpa kisingizio, na hawakuwepo.

— Basi nimekusemesha, alisema. Na mnara utumie. Kama imenikimbiza mimi niliyekulia nyumba yenye mizinga, ndovu ni nani.

Spana alitoka mtaroni akipiga makofi. Redio alirudi, mweupe kwa mbolea, akisema tangu mwanzo aliwaambia nyuki ni nyuki. Benchi likainuliwa, jiwe likarudishwa, na hapo ndipo Karani, kwa moyo mweupe kabisa, alipoharibu kila kitu.

Alisema jambo kama hilo haliishi hivihivi. Yeye ni mzee wa kanisa, lakini wazee wake Wadawida walikuwa na kutasa, na hakuona dhambi yoyote ndani yake: mtu aliyekuwa na kinyongo hunywa funda, akakipuliza nje kinyongo chake mbele za watu, na kilichobaki ni baraka. Walitumia pombe ya miwa. Pale palikuwa na kahawa. Mumbe akammiminia, akampa kwa mkono wake mwenyewe, na kila mtu akavua kofia.

— Kama nilikuwa na hasira na Mumbe, imetoka, alisema Karani. Shamba lake lipone, na hiki chombo kipone, na mikono iliyokitengeneza.

Akavuta funda, akapuliza. Alipuliza kwa dhati, mfano wa mtu mwenye vinyongo vya miaka. Kahawa ikatua juu ya mikono ya Hillary, na juu ya Mumbe, na sehemu kubwa ya baraka ikaingia moja kwa moja ndani ya kisanduku kilichokuwa wazi.

Hillary alifumba macho. Alichomeka waya kidogo tu, kujaribu, na taa ya kijani haikuwaka. Akauchomoa haraka, akasema sasa hakuna mtu kugusa umeme mpaka ikauke.

Redio alipendekeza iwekwe juu ya makaa. Spana alitaka ifukiwe kwenye mchele, au kwa kuwa mchele hakuna, kwenye ndengu. Karani hakupendekeza kitu. Alikuwa ameketi ameinama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkanyaga kifaranga. Hillary alikimbilia kibandani kwake, akarudi na chupa ya spiriti na mswaki, akapiga bodi mswaki pole pole, kona kwa kona, akaiweka kwenye jua la mwisho juu ya kifuniko cha birika. Basi Karani akachukua kofia yake akaanza kupepea. Mumbe akapiga magoti upande wa pili, akawa anapuliza, pumzi ndogo ndogo, kama anayempoza mtoto uji. Walikaa hivyo vichwa vikikaribia kugongana, na Mumbe alijikuta anafurahi. Hakuwa na hakika ya mashine, lakini alifurahi waziwazi, moyo wake ukiwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu mvua za kwanza.

Hillary aliinusa bodi, akaipindua, akachomeka waya. Taa ikakawia. Ikawaka, ikazima, ikawaka tena, ikaanza kupepesa kijani bila kuchoka. Redio aliimba. Spana akamwomba Elsie asogeze gari haraka kabla kompyuta haijaliona.

Elsie aliligeuza gari, ubavu wa ndovu ukaelekea ukutani, kisha akaja akakaa upande wa jiwe na kikombe chake. Alikuwa amesimuliwa habari yote na watu watatu kwa pamoja, na sehemu moja tu haikuwa imemwingia.

— Kwani nyinyi wawili mlikosania nini?

— Mbuzi, alisema Spana.

— Mpaka, alisema Redio, akimsahihisha.

Mumbe alisema hajawahi kufuga mbuzi. Karani alisema mpaka wao uko wazi tangu walipopimiwa, haujawahi kusogea. Halafu mzee alifungua mdomo aeleze ilivyokuwa, akabaki ameufungua. Akamtazama Mumbe. Mumbe alikunja uso akijaribu kukumbuka, akarudi nyuma msimu mmoja, akarudi mwingine, akamtazama mzee ili amsaidie.

Elsie, akidhani hawakumsikia, akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Walikuwa wamemsikia.