Mkono Juu

Fundi bomba alifumba macho kama aliyelala, ila masikio aliyatega kiti cha mbele. Pale mshonaji mmoja alikuwa akimtolea dukuduku mwalimu mkuu mstaafu aliyekaa naye kwenye treni, hawajuani.

“Binti yangu nilimfundisha mwenyewe, pembeni ya cherehani. Nusu na robo alizijulia kwenye vitambaa. Wakaja watu wa serikali na sheria yao: shule, la sivyo mahakamani.”

“Pole, mwanangu. Lakini nimeshakuta watoto wamefungiwa ndani, eti wanasomea nyumbani, hata jina lao hawajui kuandika. Sheria ingewabanaje wazazi wale, ikakuacha wewe?”

Fundi bomba aliona wote wawili wanasema kweli, jambo lililomkera, maana alipenda ugomvi wenye mshindi.

“Sikatai, mama. Ila binti yangu alikuwa na maswali, mpaka mkasi unanipotea njia! Jana nageuka, namkuta kasimama nyuma yangu kimya, kanyoosha mkono juu. Anangoja ruhusa. Nyumbani kwake!”

“Ukamwambiaje?”

“Ashushe mkono, aulize tu.” Treni ikafunga breki, mshonaji akainuka na kifurushi chake. “Akaushusha. Akasema, ‘Basi, mama, nitamuuliza mwalimu.’”