Hesabu Tuliyoifanya Mwezi wa Ramadhani

Risala ya makarani wa takwimu wa Ain Zarruk kwa Mkurugenzi wa Takwimu wa Mkoa, siku ya kukabidhiwa ngao

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi Lutfi Mzughi; Bi Mkuu wa Wilaya; mama zetu mlioketi safu ya mbele:

Karibuni Ain Zarruk. Bwana Mkurugenzi, umepanda mlima wetu wenye kona nyingi kuja kutupa ngao, nasi tumekuwekea chai ya nanaa na mkate wa moto. Tunakuomba utuvumilie, maana risala hii haikuandikika tulivyoagizwa kuiandika.

Tulivyoanza

Sisi ni makarani kumi na wanne, wote wazaliwa wa hapa. Ofisi yako ilitutuma tujue hali ya maisha ya wanawake wenye miaka sabini na zaidi: wanakula nini, wanakula na nani, nani huwabishia hodi. Ratiba yako ilisema tuanze wiki tatu baada ya Idi. Tulioiwahisha ni sisi.

Mwenzetu Hayet Weslati ndiye aliyesema, "Jamani, tuanze Ramadhani. Nani atakuwa hayupo nyumbani saa kumi jioni, supu ya shurba inachemka jikoni?" Tulicheka, tukamwita profesa. Tukakuandikia barua ya kuomba, nawe ukatukubalia.

Mafanikio

Kazi ya siku arobaini tuliimaliza kwa siku kumi na tisa. Hakuna dodoso hata moja lililorudishwa kwa kasoro. Jedwali lilitoka linang'aa: katika kila wanawake mia moja, tisini na mmoja walikula na mtu mwingine angalau siku tano kati ya saba, na themanini na wanne walionja nyama. Ukatuandikia kwamba vikongwe wa Ain Zarruk wanaishi vizuri kuliko wa wilaya yoyote mkoani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Hakuna bibi aliyetudanganya, wala karani aliyebuni jibu. Dodoso liliuliza juu ya siku saba zilizopita, nao wakajibu juu ya siku saba zilizopita. Lakini ni nani katika mji huu anayeachwa afuturu peke yake Ramadhani? Hata mwenye jirani mkorofi hupelekewa bakuli.

Majuto

Wengine hapa huandika "changamoto". Sisi tukiliandika neno hilo tutakuwa tunajipamba.

Kwa sababu ya jedwali letu, gari la chakula cha mchana na muuguzi wa kupita nyumba kwa nyumba wamepangiwa wilaya nyingine. Barua inasema Ain Zarruk haina uhitaji, na orodha itafungwa mwisho wa mwezi huu.

Wiki ya tano baada ya Idi, Hayet alipita kwa Mama Mabruka, mjane wa miaka themanini na mmoja anayekaa nyuma ya shule, kumsalimia tu. Alimkuta amejifunika blanketi mchana kweupe. Jiko lilikuwa baridi.

"Mama, leo umekula nini?"

"Unaniuliza kwa karatasi au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, Mama."

"Kwa mdomo, nimechovya mkate kwenye mafuta ya zeituni, jana. Kwa karatasi niandikie kondoo mzima, si ndiyo mnavyopenda?"

Hayet alitaka kucheka, akageuza uso. Akaona rafuni sahani saba zimeoshwa na kupangwa, kila moja ya rangi yake. Alizijua, ni za majirani waliopeleka futari. Moja ilikuwa ya mama yake mzazi.

"Mbona hujawarudishia wenyewe?"

"Nirudishe na nini ndani, binti yangu? Sahani ya mtu hairudi tupu. Nikiwa na kitu nitaipeleka."

"Na wenyewe hawaji kuzichukua?"

"Wanaona haya kudai. Mimi naona haya kupeleka. Basi tunapungiana mikono barabarani." Akamtazama. "Usilie mbele yangu, Hayet. Kama unataka kulia, chemsha maji kwanza."

Hayet alichemsha maji. Kisha akakaa akikumbuka kwamba siku ya dodoso alikaa mlangoni pale dakika kumi na moja tu, akajisifu kwetu kwa kasi yake. Aliporudi alitusimulia, tukatoka wote, kila mmoja kwa vikongwe wake. Hatukuwa na dodoso. Tulifungua masufuria. Tuliyoyaona tunayajutia mpaka leo, na tunajua hatuwezi kusema hatukujua, maana hawa ni mama zetu na sisi tumelelewa na sahani hizo hizo.

Maombi

Ngao hatuwezi kuipokea, Bwana Mkurugenzi. Usitufikirie tuna dharau. Tunakuomba urudi nayo.

Tunaomba jedwali letu lizuiwe lisichapishwe, na orodha isifungwe mpaka turudie hesabu. Turuhusu tuanze kuirudia mwezi huu huu, mwezi usio na sikukuu, bila posho yoyote. Dodoso liongezwe swali moja tu: mara ya mwisho mtu kula nawe ilikuwa lini? Na tupewe siku zote arobaini, tukae kwenye kila mlango mpaka chai ipoe.

Tunajua ofisi yako itasema kosa si lake, na ni kweli. Tunajua pia kusahihisha jedwali lililokwisha sifiwa ni aibu. Aibu hiyo tuandikieni sisi, kwa majina, wote kumi na wanne.

Tunachokuomba zaidi ni haraka. Tulipowahesabu mama hawa walikuwa mia tatu kumi na wawili. Tulipoanza kuandika risala hii walikuwa mia tatu na wanane. Leo asubuhi, tukipanga viti hivi, tumeambiwa wamebaki mia tatu na saba.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na akupe mtu wa kula naye uzeeni.

Ni sisi, Makarani wa Takwimu, Ain Zarruk.