Neno Lililomfelisha Taratibu

Mgeni rasmi, kelele ulizozikuta hapa uani hazikuwa za kukushangilia. Tulikuwa tunagombana.

"Mgeni hasomewi kesi, anasomewa risala!" alikuwa anafoka fundi viatu, mwenyekiti wetu.

"Basi msomee hali ya hewa," akamjibu mshona nguo, "maana ndiyo mnayoiweza nyote kwa Kiingereza."

"Mama wee, ulimi wako una sindano."

"Na wako una gundi. Umenata tangu barua ya chuo ifike."

Katikati yao alikaa dobi, mikono mapajani. "Jamani, someni mtakacho," akasema. "Mimi nimechoka." Hapo ugomvi ukaisha. Tukaamua risala isomwe na kinyozi, kwa kuwa yeye amezoea kuongea na mtu aliyekaa kitini asiyeweza kuinuka.

KARIBU

Mkuu wa chuo cha lugha, pamoja na walimu ulioongozana nao, karibuni. Viti havilingani, mtusamehe. Kila nyumba imetoa ilichonacho.

TULIKOANZIA

Miaka sita iliyopita mlikuja wenyewe kubisha hodi. Mlisema wanafunzi wenu wanatoka nchi za mbali kujifunza Kiingereza. Kwa kalamu wanakiweza, mdomoni kinakwama. Mkaomba kila mmoja apate mwenza wa mtaani, wazungumze saa moja kila juma. Tukawaambia Kiingereza chetu si cha kunyonya, tumekiokota shuleni, redioni na kwa wateja. Mkasema kinatosha. Tukawaamini.

TULICHOPATA

Tumepata mengi, na hatuna haja ya kuyapamba. Fundi viatu anajua kuaga kwa lugha nne, ingawa kukaribisha anajua kwa mbili tu. Mshona nguo amejua kwamba kuna nchi ambako kumwuliza mtu mshahara wake si ufedhuli, na tangu hapo hatuna raha.

Lakini risala hii ni ya dobi. Mwaka jana aliletewa binti mmoja tuliyempa jina la Taratibu. Hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilolikamata, naye akalitumia kwa kila kitu, hata kumsalimia paka. Majuma matatu binti hakufungua kinywa. Dobi akaja kulia kwa mshona nguo: "Shoga, nimeletewa sanamu! Nimemwuliza ndugu zake, kimya. Nimemwuliza kama ana njaa, kimya. Kaninunia, sijui nimemfanya nini."

Hakuwa amenuna. Kwao, kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Dobi hakulijua hilo, akawa anapiga pasi na kuongea peke yake, akamwaga umbea wa mtaa mzima kwa Kiingereza cha kuungaunga. Juma la nne akafika kwenye kisa cha yule bwana aliyehama na redio ya jirani. Hapo binti akainua uso na kuuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka: halafu ikawaje? Dobi nusura aunguze shati la mteja.

Tangu siku hiyo, saa moja ikawa tatu. Dobi hakujaliwa mtoto. Hatusemi zaidi ya hapo.

KINACHOTUCHOSHA

Mgeni rasmi, tumechoka. Kila muhula uso mpya, jina jipya la kuvunjia meno, na yale yale: una ndugu wangapi, kwenu kuna mvua? Ukishamzoea mtu hata ukajua anavyokohoa, anapanda ndege. Tumeaga mpaka mikono imelegea. Haya tumeyabeba bila kuwalaumu.

Ila hili la mwezi huu limetulemea. Siku moja Taratibu alimwuliza dobi: mtu akiwa kazini na jasho linamtoka, unamwambiaje? Kwa Kiswahili jibu lilikuwa mlangoni: pole na kazi. Kwa Kiingereza dobi alipekua kichwa chote. Lugha ni kubwa ile, lakini hapo tulikuta mlango umefungwa. Alichopata ni "sori", akampa hiyo. Mwenye mzigo, sori. Aliyejikwaa, sori. Aliyefiwa, sori. Sisi sote tunasema hivyo, na hapa mtaani hakuna aliyewahi kushangaa.

Siku ya mtihani wa kuzungumza, mtahini aliingia amekumbatia makaratasi, mengine yakamdondoka. Taratibu akasimama: sori. Mtahini akamwuliza, umeyaangusha wewe? Akasema hapana, sori kwa kazi. Mtahini akakohoa. Sori. Akamweleza kwamba tangu asubuhi hajapumzika. Sori sana! Kwenye fomu akaandika kwamba mtahiniwa anaomba radhi bila kosa na haelewi anachoambiwa.

Alielewa kila neno, mgeni rasmi. Alikuwa anamhurumia.

Kwa kuwa alishafeli muhula uliopita na hii ni mara ya pili, Jumatatu anarudishwa kwao. Na barua ikasema kosa limetokana na "mwenza asiyefaa". Dobi aliisoma kwa kusimama, pasi mkononi. Akairudia. Kisha akazima pasi saa nne asubuhi na nguo za watu zikiwa nusu, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipofiwa na mumewe. "Nimemharibu mtoto wa watu," ndiyo kauli yake tangu siku hiyo.

TUNACHOOMBA

Tulitaka kuomba meza, vitabu, na bati la banda la mazungumzo. Tumevifuta. Tunaomba kimoja: Taratibu atahiniwe upya kabla ya Jumatatu, na wewe mwenyewe ukiwa umekaa hapo unasikiliza. Akishindwa kwa haki, tutambebea mizigo yake hadi uwanja wa ndege, na dobi hatapewa mwanafunzi mwingine. Hilo la mwisho ni sharti lake mwenyewe. Sisi tulimkatalia, akashikilia.

Mungu akupunguzie mikutano, akuongezee usingizi, na ukizeeka akupe wa kuzungumza naye. Ni sisi, Wenza wa Mazungumzo wa mtaa wa Nyumba Tatu.

Samahani, mgeni rasmi, karatasi imekwisha ila hili msomaji analiona kwa macho. Mtahini amebaki ndani ya gari lako na kioo amekipandisha. Labda alidhani tutamzomea. Sasa dobi ameinuka. Amefika garini, anagonga kioo kwa kidole kimoja, na sauti yake tunaisikia sote mpaka huku.

"Baba, chakula kimeshapakuliwa, na kiti chako kipo. Shuka, uingie ndani ule."