Ignatius Lombe Kapasa, Mtu Aliyekataa Kulipia Hewa

Ndugu wafiwa, wazee wa kanisa, wanakwaya, wapiga muziki mlioacha kazi zenu za Ijumaa, na ninyi watani wetu Wangoni ambao leo mna ruhusa ya kusema lolote, familia ya Kapasa imenituma mimi, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mjomba kama tulivyoyakusanya sebuleni kwake tangu Jumanne, na palipo na kosa la tarehe, lawama ni yangu, si ya mjane.

Ignatius Lombe Kapasa alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika Wilaya ya Kasama, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomew Kapasa na Mama Elizabeti Mwila, wakati huo baba yake akiwa ameshaondoka kwenda mgodini Luanshya, hata mtoto akamwona baba yake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, familia ilipohamia kwenye nyumba za kampuni.

Alisoma shule ya msingi Luanshya kuanzia Januari 1963 hadi Desemba 1969, na sekondari hapohapo kuanzia 1970 hadi 1974, akafaulu hesabu na Kiingereza, na mengineyo alisema tusiyaandike. Mwaka 1972, akiwa kidato cha tatu, aliingia kwenye bendi ya ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi, ambako vijana wote walitaka gitaa la solo, naye alichukua gitaa la besi, na alipoulizwa baadaye kwa nini besi, alijibu kwamba foleni yake ilikuwa fupi.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kuwa karani katika ghala la mgodi, kitengo cha kupokea mizigo kutoka nje, na hapo kwa miaka kumi na minane alijifunza jinsi kifaa kinavyoongezeka bei njiani bila kuongezeka ubora. Jioni za Jumamosi aliendelea kupiga besi ukumbini.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Felistus Nsofwa, binti wa Mama Rhoda Katebe wa Mufulira, naye aliishi na mama mkwe wake kwa heshima yetu ya zamani, hakula naye, hakukaa naye chumba kimoja, na kila alipomwona anakuja alivuka barabara, jambo ambalo nalitaja kwa sababu litarudi. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza ni Nkandu, ambaye ndiye anayeliendesha duka sasa. Mwaka 1989 walimaliza kujenga nyumba yao ya kwanza hapa Chifubu, Ndola.

Tarehe 30 Septemba 1993 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, na kwa kiinua mgongo chake alifungua duka la magitaa ya besi na amplifaya karibu na soko la Masala, Ndola, tarehe 2 Februari 1994, akianza na vifaa vilivyotumika alivyonunua kwa bendi zilizovunjika. Makanisa yalikuwa yakiongezeka, kila kwaya ilitaka besi, na vifaa vya mitumba havikutosha, ndipo mwaka 1996 alipofanya uamuzi ambao familia haikuuzungumzia kwa muda mrefu, akaiuza nyumba, kwa ridhaa ya mkewe, akaagiza magitaa ya besi manane na amplifaya kumi na mbili, kila moja na boksi lake kubwa la spika, kutoka ng'ambo. Familia ikahamia vyumba viwili nyuma ya duka, na ikawa wazi kwa kila mtoto kwamba vitu vile visipouzika, hakuna nyumba ya kurudi.

Mzigo ulipita bandari ya Durban, ukaja kwa lori kupitia mpaka wa Chirundu, na ukafika Ndola Agosti 1996. Magitaa hayakuwa na shida, kwa kuwa gitaa ni jembamba na halichukui nafasi melini, lakini maboksi yalikuwa habari nyingine, maana meli hutoza kwa nafasi, lori nalo hutoza kwa nafasi, kisha forodha haitozi ushuru kwa bei ya kiwandani peke yake, bali kwa bei hiyo pamoja na nauli na bima, na juu ya jumla hiyo yote, ushuru ukiwemo, huja kodi ya ongezeko la thamani, na mzigo ukiwa bado baharini thamani ya kwacha yetu ilikuwa imeshuka. Kamati za makanisa zilikuja na michango yao, zikauliza bei, zikamwombea, zikaondoka. Magitaa yaliisha kabla ya Krismasi, maboksi yakabaki yamepangwa ukutani, watoto wakafanyia kazi za shule juu yake.

Siku moja mwanzoni mwa 1997 mjomba alichukua bisibisi akafungua boksi moja kwa nyuma, akakuta spika, nyaya mbili, kipande cha sufi na nafasi tupu. Mkewe alimuuliza ameona nini humo.

“Nimelipia hewa, Mama Nkandu. Nimeisafirisha hewa kutoka ng'ambo, na nimeilipia ushuru.”

Mama Nkandu, ambaye yuko hapa mbele yetu na amekubali nilisome hili, alimjibu, “Kwani hewa Ndola imeisha?”

Biashara yote iliyofuata ilitoka kwenye swali hilo, maana mjomba aliuza yale maboksi kumi na mawili kwa hasara, na fedha zilizobaki, ambazo ndizo zilikuwa nyumba yao, aliagizia spika tupu na amplifaya zisizo na boksi, vitu vinavyokaa kwenye katoni ndogo, akaamua maboksi yazaliwe hapahapa. Alihitaji fundi wa mbao mwenye mkono wa uhakika, kwa kuwa boksi la besi likivuja hewa sauti yake hukohoa, na fundi wa namna hiyo aliyekuwa karibu alikuwa Bwana Yoramu Jere, Mngoni, ambaye karakana yake iko barabara ya kwenda hospitali, na kazi yake, kama wote mjuavyo, ni majeneza.

Bwana Jere ameniruhusu nimnukuu. Mjomba alipomweleza kwamba anataka sanduku la mninga lisilopitisha hewa, Bwana Jere alimtazama mtani wake, akamjibu kwamba wateja wake hawajawahi kulalamikia hewa. Mjomba akamwambia apime vizuri, hapa si mahali pa kubania kama mtu anayetega panya kwa chakula cha jioni, kama Wangoni wanavyotaniwa, na Bwana Jere, ambaye hajawahi kuacha deni la utani, akamrudishia utani wa kabila letu, akasema, “Ngoja siku yako ifike, mla nyani wewe. Nitakuchongea litakalokubana hadi vidole, nisiache hewa hata ya kumtosha nzi, usije ukalipishwa ushuru huko uendako.”

Maboksi sita yalikamilika Septemba 1997, na yalikuwa mazuri, lakini hapo ndipo palipofanyika kosa. Mishikio ya kubebea ya kutoka nje ilikuwa ghali, Bwana Jere alikuwa na mishikio ya kwake inayong'aa, imejaa kwenye debe, na hawa wawili, mmoja akifikiria gharama na mwingine akifikiria kazi, waliifunga kwenye maboksi yote, minne kwa kila boksi, bila hata mmoja wao kuona tatizo. Jumapili tarehe 5 Oktoba 1997 boksi la kwanza liliingizwa katika kanisa letu la Chifubu kwa majaribio, limepakwa rangi nyeusi, limebebwa na wanaume wanne kwenye njia ya katikati, na waumini, walipoiona ile mishikio, walisimama wote, wanaume wakavua kofia, na safu ya nyuma ya akina mama ikaanzisha wimbo wa maziko. Waliimba ubeti mzima kabla mtu hajauliza ni nani aliyefariki.

Tunacheka leo, lakini juma lile hakuna aliyecheka. Chama cha akina mama kilisema kwamba mbao za karakana ile zina wenyewe, na haziingii kanisani kabla ya wakati wake, makanisa mengine matano yaliyokuwa yameahidi kununua yalisikia, yakanyamaza, na mjomba alipobadilisha mishikio ya maboksi matano akaweka mikanda ya ngozi kutoka kwa fundi viatu, haikusaidia, kwa sababu watu walishajua. Duka lilibaki na maboksi sita, vyumba viwili na watoto wanne, na mwenye vyumba akaanza kupita asubuhi.

Mama Rhoda Katebe aliposikia alipanda basi kutoka Mufulira. Hakumpelekea mkwewe ujumbe, wala asingeweza kukaa naye kulizungumza, bali Jumapili tarehe 16 Novemba 1997 alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha akina mama kabla ya ibada, akaagiza boksi lile la kwanza, ambalo bado lilikuwa na mishikio yake, liletwe, na mkwewe atoke nje. Mjomba alisimama nyuma ya ukuta, chini ya dirisha, na maneno aliyoyasikia aliyasimulia kwa maisha yake yote bila kuyabadilisha. Mama Rhoda alilikalia lile boksi, akapanga chitenge yake kiunoni, akasema, “Mimi ndiye mkubwa kuliko ninyi wote humu. Kama kuna kifo ndani ya sanduku hili, kinianze mimi, ninyi mje mle ugali wa msiba wangu. Na kama hakuna, mwacheni mwanangu alishe wajukuu.”

Alikataa kuinuka, hivyo boksi liliingizwa kanisani na likawekwa mbele, yeye akalikalia tena, na kwaya ikapiga besi kupitia sanduku alilokalia, ibada nzima. Mwishoni mchungaji alimuuliza kwa sauti ya chini kama yuko salama, naye akajibu kwamba ule wimbo wa tatu urudiwe, ulikuwa unamkanda kiuno.

Maboksi sita yaliuzika kabla ya Pasaka. Mama Rhoda Katebe aliishi hadi tarehe 9 Mei 2016, na kila Krismasi mjomba alimpelekea chitenge mpya kwa mkono wa mtoto, pamoja na salamu kwamba anamwulizia afya kwa niaba ya biashara. Mwaka 2004 walikamilisha nyumba hii ambayo leo mmelala nje yake mkiota moto.

Waliowahi kununua kwake wanajua utaratibu wake, kwamba kabla ya bei alimpa mteja gitaa la besi, akalichomeka kwenye amplifaya mbaya kuliko zote dukani, kwa sababu alisema amplifaya nzuri husema uongo kwa niaba ya gitaa, akamwambia atazame shingo kama imenyooka na aache kutazama rangi. Mteja aliyelalamika kwamba bei ni ya wizi alipangiwa vizibo vya soda juu ya kaunta, hivi vya kiwanda, hivi vya meli, hivi vya lori, hivi vya forodha, hivi vya kodi juu ya vyote hivyo, hivi vya kwacha kushuka, na kizibo kimoja kilichobaki alikisogeza upande wake. Ushauri wake haukubadilika: gitaa lipande meli, boksi lizaliwe hapa.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na tarehe 7 Aprili 2021 alipata kiharusi kilichochukua mkono wa kushoto, mkono unaobana nyuzi. Hakuacha kazi. Alimwomba mteja abane nyuzi kwa mkono wake, yeye akazipiga kwa mkono wa kulia, na watu wawili wakawa wanajaribu gitaa moja, na baadhi yenu hapa mlijifunza besi kwa njia hiyo bila kulipa ada. Mwezi Mei mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa hospitali, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, mkewe akiwa ameushika ule mkono wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliotueleza ukweli mapema na kwa upole, majirani wa Chifubu kwa kuni, unga na mboga, wenzake wa zamani wa ghala la mgodi waliokuja kutoka Luanshya, akina mama wa kanisa, na kwaya, ambayo leo inapiga kupitia boksi lilelile la mwaka 1997, lenye mishikio ileile, tuliloomba lisibadilishwe.

Shukrani ya mwisho ni kwa Bwana Yoramu Jere. Jana alileta jeneza hili la mninga, na wazee walipolipima waliona kwamba ni refu kuliko mwili kwa shibiri nzima upande wa miguu, na pana kuliko ilivyohitajika, nao wakamwita, kwa kuwa kila mtu hapa aliijua ile ahadi ya kumbana hadi vidole. Kwa haki ya utani angeweza kusema lolote, na tulijiandaa kucheka. Alipitisha kiganja juu ya mfuniko, akasema, “Hiyo hewa ni yangu, nimempa. Haitozwi ushuru.” Kisha akatoka akaenda kukaa na wanaume motoni.

Mjomba, Baba Nkandu, Ba Kapasa wa Masala, umewekewa nafasi na wanaokupenda, wala hakuna anayekudai chochote kwa ajili yake. Pumzika humo kwa amani.